Jenomu ya HeLa: seli za mtu mmoja, siri za ukoo mzima

Tarehe 11 Machi 2013, watafiti wa maabara ya EMBL iliyoko Heidelberg, Ujerumani, walichapisha katika jarida la G3 jenomu, yaani maelezo yote ya urithi, ya seli ziitwazo HeLa. Data zote walizipakia kwenye kanzidata za wazi ambazo yeyote mwenye intaneti aliweza kuzipakua, kama ilivyo desturi ya watu wa fani hiyo. Hakuna sheria waliyoivunja. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wamekwisha kuziondoa data hizo na kuiomba radhi familia moja ya Baltimore, Marekani, ambayo ilikuwa haijaulizwa wala kuarifiwa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mazungumzo mengi ya jenomu ninayoyasikia kwetu hukimbilia mambo ya mbali: watoto wa kuchaguliwa rangi ya macho, binadamu wa kunakiliwa. Swali linalotugusa leo, kwenye kliniki zetu na kwenye fomu tunazopewa tusaini, liko karibu zaidi. Mtu mmoja akikubali vinasaba vyake visomwe, je, ni siri za nani wengine anazozitoa? Na hao wengine waulizwe na nani?

Tuanze na mwenye seli.

Mwanamke wa Turner Station

Henrietta Lacks alizaliwa Roanoke, Virginia, tarehe 1 Agosti 1920, akakulia Clover kwenye mashamba ya tumbaku. Aliolewa na David, aliyeitwa Day na watu wake, wakahamia Turner Station nje kidogo ya Baltimore, kwenye ajira za kiwanda cha chuma. Walijaliwa watoto watano. Mwanzoni mwa 1951 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins akilalamika kwamba ana fundo tumboni na damu inamtoka isivyo siku zake. Ilikuwa miongoni mwa hospitali chache kubwa zilizowapokea maskini weusi, ingawa wodi zao zilitengwa na za weupe.

Madaktari walikuta saratani ya mlango wa kizazi. Alisaini fomu ya kukubali upasuaji na matibabu. Akiwa amelazwa usingizi kwa ajili ya kuwekewa radiamu, madini yenye mionzi ya kuua saratani, daktari alimkata vipande viwili vidogo vya nyama, kimoja cha uvimbe na kingine cha sehemu nzima, vikapelekwa maabara ya Dk. George Gey kwenye jengo la hospitali hiyohiyo. Hakuna aliyemwambia, na kwa taratibu za wakati ule hakuna aliyeona kwamba anapaswa kuambiwa.

Gey alikuwa amehangaika miaka mingi kukuza seli za binadamu nje ya mwili. Zilikufa zote. Msaidizi wake, Mary Kubicek, alivikata vile vipande vikawa vidogo mno, akavitia kwenye mirija yenye tone la damu ya kuku iliyoganda, na ubavuni mwa kila mrija akaandika herufi mbili za mwanzo za kila jina la mgonjwa: HeLa. Seli za sehemu nzima zilikufa baada ya siku chache. Za uvimbe ziliongezeka maradufu takribani kila saa 24, na hazijaacha mpaka leo. Gey aliwagawia wenzake bure, wa Marekani na wa nje.

Henrietta alifariki tarehe 4 Oktoba 1951, akiwa na miaka 31. Kubicek alitumwa chumba cha maiti wakati mwili unapasuliwa, ili achukue sampuli nyingine. Baadaye alisimulia kwamba macho yake yaliangukia kucha za miguu za marehemu: zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, na rangi yenyewe imebanduka. Hapo ndipo ilipomjia akilini kwamba zile seli alizokuwa akizilea kwa miezi zilitoka kwa mwanamke aliyekuwa hai, aliyeketi mahali akajipaka rangi. Mimi nikisoma itifaki za utafiti zenye sampuli namba fulani na namba fulani, kucha zile hunijia kila mara.

Faida ambayo haina ubishi

Mchambuzi wa kisa hiki akiruka faida atakuwa hajasema kweli. Seli za HeLa zilitumika kupima chanjo ya polio ya Jonas Salk mwanzoni mwa miaka ya 1950. Zilizalishwa kwa wingi katika taasisi ya Tuskegee, Alabama, na mafundi na wanasayansi weusi. Uchungu wake ni kwamba taasisi hiyohiyo ilishiriki, kwa miaka ileile, utafiti wa serikali uliowaacha wanaume weusi bila tiba ya kaswende ili watazamwe ugonjwa unavyowala. Wazo la kwamba sayansi ina mikono miwili si la kubuni kwa watu wa Alabama.

Faida iliyotufikia sisi moja kwa moja ni nyingine. Katika miaka ya 1980 Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walikuta ndani ya seli za HeLa kirusi cha papiloma aina ya 18, yaani HPV 18. Ugunduzi wake kwamba virusi vya HPV ndivyo vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Chanjo ilikuwa imekwisha kuingia sokoni mwaka 2006. Tanzania iliianzisha nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na Kenya ikafuata mwaka 2019 kwa wa miaka 10.

Mtoto wa dada yangu alichomwa shuleni. Alirudi nyumbani ameushika mkono wa kushoto kana kwamba umevunjika, akakataa kuosha vyombo siku mbili, na kadi ya chanjo akaibandika kwenye mlango wa kabati kwa gundi ya ugali. Bibi yake mzaa baba alikufa kwa ugonjwa huo, wakati ambao wanawake wengi walifika hospitali mambo yameshaharibika. Niliisoma ile kadi na kufikiria kwamba kirusi ambacho mtoto huyu amekingwa nacho kilitambuliwa kwa msaada wa nyama ya mwanamke aliyeuawa nacho, na kwamba mwanamke huyo hakuombwa chochote.

Mara ya kwanza na ya pili

Kilichotokea mwaka 2013 kinaeleweka tu ukijua kwamba haikuwa mara ya kwanza. Kwa zaidi ya miaka 20 familia haikujua kwamba seli za mama yao ziko hai. Duniani zilisemekana ni za mtu aitwaye Helen Lane. Mwaka 1973 mambo yalibadilika kwa sababu isiyowahusu hata kidogo. Seli za HeLa, kwa ukali wake wa kuzaana, zilikuwa zimevamia maabara nyingi na kuchafua seli nyingine, na watafiti walihitaji vinasaba vya familia ili waweze kuzitofautisha. Wakampigia simu mume, wakaja kuchukua damu yake na ya watoto.

Familia ilielewa kwamba inapimwa saratani. Deborah, binti aliyekuwa anaukaribia umri aliofia mama yake, alisubiri majibu kwa hofu. Hakuna majibu yaliyokuja, kwa kuwa hakuna kipimo cha saratani kilichofanywa. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, na familia ile iliachwa gizani na watu waliokuwa wameshika taa.

Mwaka 1976 alama za vinasaba vya mume na watoto zilichapishwa katika jarida la Science. Majina hayakuandikwa, waliitwa mume, mtoto wa kwanza, mtoto wa pili. Lakini jina la Henrietta lilikwisha kujulikana, na mume wa Henrietta Lacks ni mmoja tu. Mwaka 1985 sehemu za faili lake la hospitali zikatokea kitabuni bila familia kuombwa ruhusa. Kwa hiyo mwaka 2013 jenomu ilipochapishwa, kwa wenyewe lilikuwa ni tukio la tano, ukianza kuhesabu na kile kisu cha 1951.

Kusoma jenomu maana yake nini

Jenomu ni maelezo yote ya urithi yaliyomo ndani ya seli, yameandikwa kwa herufi nne tu za kikemia, na kwa binadamu yanafika herufi bilioni 3 hivi. Mradi wa kimataifa wa kuisoma ulianza mwaka 1990, ukatangazwa kukamilika Aprili 2003, na uligharimu dola za Marekani takribani bilioni 2.7. Asilimia 8 hivi iliyokuwa ngumu kusomeka ilikuja kumalizwa mwaka 2022.

Jambo moja la mradi ule watu hulisahau, nalo ni la msingi kwa kisa chetu. Sehemu kubwa ya jenomu ile ilitoka kwa watu wa Buffalo, New York, walioitikia tangazo la gazetini mwaka 1997. Walichukuliwa watu wengi kuliko waliohitajika, vitambulisho vikaondolewa, ili hata mchangiaji mwenyewe asijue kama ni damu yake iliyotumika. Waandaaji walikuwa wameshaelewa hatari iko wapi.

HeLa ni kinyume chake kabisa. Mwenye seli anajulikana dunia nzima kwa jina, picha, kijiji alikozikwa na majina ya wajukuu wake. Ukiisoma jenomu yake, umesoma ya mtu ambaye ndugu zake unaweza kuwapata kwenye simu.

Wapo waliosema kwamba seli za saratani zilizoishi maabara miaka 60 haziwezi kusema lolote juu ya mtu. Ni kweli kwamba jenomu ya HeLa imeharibika vibaya: ina kromosomu, yaani vifurushi vya vinasaba, kati ya 76 na 80 badala ya 46, nyingine zimerudufiwa mara tatu, nyingine zimevunjika na kuunganishwa upya. EMBL yenyewe ilitoa maelezo kwamba data hizo hazisemi chochote kuhusu jenomu ya Henrietta wala ya vizazi vyake. Hapo walikosea. Chini ya uharibifu wote huo, herufi alizorithi Henrietta kwa wazazi wake bado zimo kwa wingi, na alizirithisha. Mtoto hubeba nusu ya vinasaba vya mama. Mjukuu, takribani robo ya vya bibi. Mwanasayansi mmoja alizichukua zile data, akaziingiza kwenye huduma ya mtandaoni inayotafsiri vinasaba, na baada ya dakika chache akapata ripoti yenye mambo binafsi ya Henrietta na ya ukoo wake. Ripoti hiyo haikutolewa hadharani, lakini njia ya kuipata ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Chukua mfano wa kawaida. Kuna mabadiliko ya jeni yanayoongeza hatari ya kusahau uzeeni, yapo yanayoongeza hatari ya saratani ya matiti. Mjukuu wa miaka 30, mwenye watoto wadogo na kazi ya kuajiriwa, anaweza asitake kabisa kujua kama analo mojawapo. Kutotaka kujua ni haki yake. Sasa mtu wa Heidelberg ameshaipakia robo ya jibu kwenye intaneti. Marekani ina sheria ya mwaka 2008 inayowazuia waajiri na kampuni za bima ya afya kumbagua mtu kwa vinasaba vyake, lakini sheria hiyo haigusi bima ya maisha wala ya ulemavu. Kwa hiyo hofu ya familia ilikuwa na mahali pa kusimama.

Jeri Lacks Whye, mjukuu wa Henrietta, alisema hadharani kwamba hizo ni taarifa za faragha za familia na hazikupaswa kuchapishwa bila ridhaa yao. Watafiti wa EMBL, wakiongozwa na Lars Steinmetz, walizitoa data mtandaoni. Nawapa heshima kwa hilo, kwa kuwa sheria ilikuwa upande wao na wangeweza kuikumbatia: kanuni za Marekani za kulinda wanaofanyiwa utafiti hazikuzitambua seli za marehemu kuwa mtu.

Miezi minne ya mazungumzo

Tatizo halikuishia Heidelberg. Kikundi kingine, cha Jay Shendure wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, kilikuwa na jenomu ya HeLa iliyosomwa kwa undani zaidi, kimelipwa na serikali, na makala yake ilikuwa njiani kutoka katika jarida la Nature. Fedha zilikuwa za NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani. Mkurugenzi wake, Francis Collins, ndiye aliyeuongoza mradi wa jenomu ya binadamu kwa upande wa serikali. Yeye na naibu wake, Kathy Hudson, walikwenda Baltimore na kukaa na familia, si mara moja, katika miezi iliyofuata.

Sehemu hii ndiyo inayonivutia kuliko zote. Kwa mara ya kwanza tangu 1951 mtu mwenye mamlaka aliketi na watu hawa akawaeleza jenomu ni nini, inasema nini na haisemi nini. Walikuwapo wa rika zote, waliosoma na wasiosoma sana. Wakawekewa njia tatu mezani: data zisitolewe kabisa, zitolewe wazi kwa wote, au zitunzwe mahali ambapo mtafiti lazima aombe, aeleze anataka kufanya nini, ndipo afunguliwe.

Ungeitarajia familia iliyotendewa vile ichague ya kwanza. Walichagua ya tatu. Walitaka kazi ya bibi yao iendelee kuponya watu, na walitaka kubisha hodi kuwepo. Makubaliano yalitangazwa tarehe 7 Agosti 2013. Kamati ya watu sita, wawili kati yao wakiwa wa ukoo wa Lacks, ilipewa kazi ya kupitia maombi. Anayeruhusiwa anaahidi kuzitumia data kwa utafiti wa tiba, kutowatafuta wanafamilia, na kuitaja familia kwa shukrani katika maandishi yake.

Makala ya Seattle ikatoka wiki hiyohiyo, na ndani yake kulikuwa na jibu la swali la zamani: kwa nini saratani ile ilimla Henrietta kwa miezi michache? HPV 18 ilikuwa imejipachika kwenye kromosomu ya 8, karibu herufi nusu milioni kutoka kwenye jeni iitwayo MYC, ambayo huisukuma seli igawanyike, na ikawa imeiwasha isizimike. Nadhani ni haki kwamba jibu hilo lilichapishwa wakati familia inajua linachapishwa.

Makubaliano yanapovuja

Nayasifu makubaliano yale, lakini lazima niseme yanapovuja, maana mara nyingi husimuliwa kama mwisho mwema.

Kwanza, yanawabana waliopewa fedha na NIH. Maabara ya kampuni binafsi, au ya nchi nyingine, inaweza kununua mrija wa HeLa, kuisoma jenomu kwa gharama ambayo leo ni ndogo mno ukilinganisha na ya 2003, na kufanya itakavyo. Vipande vya jenomu hiyo vilikuwa vimeshasambaa katika kanzidata kwa miaka mingi, na Collins mwenyewe hakulificha hilo. Mlango uliofungwa ni mmoja kwenye nyumba yenye milango mingi. Hata hivyo naona kuufunga kulikuwa na maana: watafiti wengi ni watu wa heshima na hufuata njia wakionyeshwa.

Pili, nani ni familia? Wawakilishi wawili waliketi kwenye kamati, lakini wajukuu na vitukuu ni wengi, na wengine hawajazaliwa. Mmoja akikubali na mwenzake akakataa, herufi ni zilezile. Kwetu tungesema wazee wa ukoo wakae, na kikao cha namna hiyo ndicho hasa kilichofanyika Baltimore. Wanafalsafa wa maadili wa Magharibi walijenga hoja zao zote juu ya mtu mmoja mwenye kalamu na fomu yake. Jenomu imewarudisha kwenye kikao cha ukoo, ambacho sisi tumekizoea kwenye mahari na mirathi. Sisemi vikao vyetu havina dhuluma. Mabinti na wajane wanajua vinavyoweza kuwafanyia. Nasema tu kwamba wazo la kuamua pamoja si geni kwetu, na watu wetu wa maadili ya utafiti wana cha kuchangia hapa kuliko kunakili fomu za wengine.

Tatu, fedha. Baadhi ya wanafamilia waliuliza kuhusu malipo, wakajibiwa kwamba NIH haina njia ya kuwalipa. Wakati huohuo kampuni zimekuwa zikiuza mirija ya HeLa na bidhaa zitokanazo nayo kwa miongo mingi, huku watoto wa Henrietta, kwa muda mrefu, wakihangaika kulipia matibabu yao wenyewe. Oktoba 2021, miaka 70 kamili tangu kifo chake, warithi walifungua kesi dhidi ya kampuni ya Thermo Fisher Scientific katika mahakama ya shirikisho ya Baltimore. Suluhu ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2023, siku ambayo Henrietta angetimiza miaka 103. Masharti yake ni siri baina yao. Ningependa yangekuwa wazi, wengine wajifunze, lakini baada ya yote yaliyowekwa wazi juu ya familia ile bila ruhusa, siwezi kuwalaumu kwa kuchagua kufunga mlango.

Kurudi nyumbani

Hapa kwetu neno vinasaba limezoeleka kwa sababu ya kesi za ubaba na maiti zisizotambulika. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, na kwa vipimo hivyo watu humwendea Mkemia Mkuu wa Serikali. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 imeviweka vinasaba katika taarifa nyeti. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2019, na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa mpango wa kukusanya vinasaba vya wananchi kwa ajili ya Huduma Namba, mfumo wa utambulisho wa wananchi, ikaona ni kuingilia faragha kinyume cha katiba. Hatua hizi ni kubwa. Pungufu moja ni kwamba sheria za aina hii humtazama mwenye taarifa kama mtu mmoja, na tumeona kwenye HeLa kwamba mwenye taarifa za jenomu hawi mmoja.

Wala sitaki milango ifungwe. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi wenye sikoseli duniani. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza inayohariri jeni kwa ajili ya ugonjwa huo, nayo isingewezekana bila jenomu kusomwa. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Damu za Waafrika zinatakiwa katika tafiti za namna hii, kwa sababu jenomu za Afrika zina tofauti nyingi kuliko za bara lolote na zimesomwa chache. Tukikataa kutoa, dawa zijazo zitatengenezwa bila sisi. Tukitoa bila masharti, tutakuwa Turner Station nyingine.

Mwaka jana nilimsindikiza mama kliniki ya kisukari, mjini kwetu. Kijana mmoja mpole wa mradi wa utafiti alimwomba ashiriki. Akamsomea fomu ya ridhaa neno kwa neno, kwa Kiswahili kizuri, bila haraka. Ukurasa wa kwanza ulihusu kupimwa sukari na kutoa damu ya utafiti huo. Wa pili uliomba ruhusa tofauti: damu ihifadhiwe, vinasaba visomwe, sampuli iweze kupelekwa nje ya nchi, itumike katika tafiti zijazo ambazo kwa sasa hazijulikani.

Mama, aliyeishia darasa la saba, alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, na wadogo zangu je? Maana kisukari hiki ni cha kwetu sote, tumekitoa kwa baba. Wao watasaini wapi?"

Kijana aliitazama fomu, akaigeuza, akaitazama tena. Akasema, "Mama, hapa hawakuweka nafasi yao. Nitalipeleka swali lako kwa wakubwa zangu."

Mama alisaini ukurasa wa kwanza. Wa pili aliukunja mara mbili akautia kwenye mkoba, akasema atakwenda nao Jumapili, wadogo zake wote wanakuja kula.